Ngoma Isiyoagwa

Kila nikisali namtaja mjomba wangu Hilari. Bonde zima la Kilombero lilimjua kwa kuwasemea wafanyabiashara mbele ya akida wa Wajerumani, kesi za mpunga, za pembe, za mpira. Baada ya vita vya Maji Maji akaanza kutusemea na sisi watu wa ngoma na vinyago, ambao hakuna aliyetujali.

Mume wangu alichonga ngoma. Vita vilimmeza, na mchuuzi mmoja wa kutoka pwani akaichukua ngoma yake kubwa, akidai aliuziwa na marehemu. Akida alikuwa karibu kumwamini.

Mjomba hakumuuliza mchuuzi bei. Aliuliza, "Siku mlipouziana, nani aliisikia?"

"Hakuna," mchuuzi akajibu kwa majivuno. "Tuliuziana kimya kimya, kama watu wazima."

Baraza zima likaguna. Mpumbavu yule! Kwetu ngoma haiuzwi mpaka mchongaji aipige mara ya mwisho uani kwake, majirani watoke washuhudie ikiagwa. Akida akaamuru nirudishiwe.

Mjomba aliibeba mwenyewe hadi kwangu Katindiuka. Nikampa jogoo. Akampokea, hakujifanya mtakatifu, kisha akasema, "Ipige, Tekla."

"Mjomba, tangu vita hakuna aliyethubutu kupiga ngoma hapa."

"Ndiyo maana nasema ipige."

Nikaipiga. Milango ikafunguka, majirani wakaja mbio kuuliza nimemuuzia nani.

"Sijauza," nikawajibu huku nikilia. "Imerudi."