Walisema Ni Ajali

Kila Jumanne, kabla ya kikombe cha pili cha kahawa, Verlin Tackett alikuwa akiingia kwenye banda la gari, anafunga mlango na kulijaribu tarumbeta lake. Tarumbeta lenyewe halikuhitaji pumzi ya mtu. Ndani yake mlikuwa na kidude chenye betri. Unabonyeza kitufe, unalipandisha midomoni, unajaza mashavu hewa, na wimbo wa kumuaga askari unatoka wenyewe, safi, bila kukwama popote. Wapiga tarumbeta wa kweli walikuwa wamekwisha katika vilima vile vya West Virginia, lakini askari wa zamani walikuwa hawajaisha kufa. Mwaka ule peke yake Verlin alikuwa amesimama kwenye makaburi thelathini na tisa akipuliza hewa tupu, na wajane walimshika mkono wakamwambia, "Umempigia vizuri."

Asubuhi ile alikuwa katikati ya wimbo, mashavu yamemvimba, simu ikalia. Alikuwa dada yake mdogo, Oleta.

"Kaka, njoo. Njoo peke yako."

"Kuna nini, Leta?"

"Jarrett," alisema, na simu ikakatika.

Juu ya boneti ya gari, alipoliweka, tarumbeta liliendelea kuimba mpaka mwisho.

Jarrett alikuwa mjukuu wa Oleta. Alimlea tangu yuko kwenye nepi, kwa kuwa mama yake alimezwa na vidonge vya maumivu kama wengi wa rika lake. Sasa kijana alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikwenda Afghanistan mara mbili, na mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu arudi.

Verlin alipofika, naibu wa sherifu alikuwa amesimama barazani, kofia mkononi. Naye alikuwa kijana. Alisoma darasa moja na Jarrett.

"Ilikuwa ajali, mzee Verlin," alisema huku akitazama viatu vyake. "Alikuwa anasafisha bunduki yake ya kuwindia, ikafyatuka. Ndivyo nitakavyoandika."

Verlin aliitikia kwa kichwa. Ajali ya namna hiyo ilikuwa ya tatu pale mjini ndani ya miaka miwili. Wote watatu walikuwa vijana waliotoka jeshini, na wote walijua kusafisha bunduki tangu wana miaka tisa. Hakuna aliyeuliza. Neno lile walipewa wafiwa kama mtu anavyofunikwa blanketi.

Ndani, Oleta alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani. Hakuwa akilia.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

Verlin aliangalia sakafu. "Ajali hutokea, Leta."

Oleta aligeuza uso dirishani, na siku ile hakumsemesha tena.

Siku hiyohiyo Verlin alipeleka karatasi za kuomba maziko ya heshima. Hakumuuliza Oleta. Haikumpitia akilini kuuliza, kama vile mtu haulizi iwapo maiti aoshwe. Alhamisi akawa katika ukumbi wa askari wa zamani pamoja na rafiki yake Delmer Skaggs, aliyekuwa akipaka bunduki mafuta.

"Bunduki saba, mikupuo mitatu hewani," alisema Delmer. "Na wewe safari hii usipigane na nyuki. Mara ile ulishusha tarumbeta ukamfukuza nyuki, wimbo ukaendelea kama unatoka mbinguni. Yule mjane aliniuliza kama ni muujiza."

"Ukamjibu nini, mwongo wewe?"

"Nikamwambia Verlin ana mapafu ya akiba."

Walikuwa bado wanacheka mlango ulipofunguka. Alikuwa Oleta, amevaa koti la marehemu mumewe.

"Nani kawaambia mlete bunduki?"

Delmer alivua kofia. "Pole sana, bibi Oleta. Ni haki ya kijana."

"Haki yake ilikuwa kupata usingizi. Nilikuwa nikifunga mlango wa jiko tu, anajitupa chini ya meza. Mwanamume wa futi sita, chini ya meza yangu, ananiomba msamaha. Sasa mnataka kumpigia risasi ishirini na moja juu ya kichwa?"

"Leta, hatukufikiri..."

"Wewe ulifikiri." Alimsogelea kaka yake. "Ile karatasi ya jeshi niliikataa wiki mbili. Alikuwa na miaka kumi na saba, bila sahihi yangu wasingeweza kumchukua. Ukawa unakuja kila siku baada ya chakula, unakaa kiti kilekile. 'Mgodi umefungwa, Leta. Atafuata vidonge kama mama yake. Jeshi litamrudisha mtu kamili, kama lilivyonirudisha mimi.' Nikatia sahihi."

"Nilimtakia mema."

"Sikuja kukugombeza kwa hilo." Sauti yake ilishuka. "Mji mzima unaniambia ajali. Mchungaji naye ajali. Wananiletea bakuli za viazi vya kuoka, ajali. Basi Jarrett atazikwa kama mzembe, kama mtoto aliyechezea kiberiti. Yote aliyobeba hayakuwapo. Nataka mtu mmoja aseme kilichotokea, mbele ya watu. Mmoja tu, na nataka awe wewe. Usiposema, kaka, tukishazika usikanyage kwangu tena. Hata Krismasi."

Alitoka bila kufunga mlango. Delmer akakohoa.

"Ni uchungu tu huo. Yatapoa."

"Bunduki zibaki hapa Jumamosi."

"Verlin! Wenzio wameshapiga pasi suruali!"

"Nimesema zibaki."

Ijumaa, bandani, alijaribu kuyasema maneno peke yake, mbele ya gari. Alifungua mdomo, akaufunga. Kwa nusu karne alikuwa amewaambia watu kwamba Vietnam ilimfunza adabu na kumkomaza, na kwa nusu karne walimshukuru kwa utumishi wake, dukani, kanisani, kwenye gwaride la Siku ya Uhuru. Akisema lile analotakiwa kusema, hayo yote yangeanguka pamoja nalo. Asiposema, hana dada. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Verlin alisimama mbali kidogo na kaburi, penye miti, kama desturi ilivyo. Alibonyeza kitufe, akajaza mashavu, na watu wakalia. Kisha askari wawili waliotumwa kutoka makao makuu wakaikunja bendera, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ikawa pembetatu ndogo ya buluu. Mmoja wao, msichana asiyezidi miaka ishirini, alipiga goti mbele ya kiti cha Oleta.

"Kwa niaba ya Rais wa Marekani," alianza, "na taifa lenye shukrani, tafadhali pokea bendera hii..."

Alimaliza maneno yote. Oleta hakutoa mikono mifukoni. Bendera ikabaki hewani mikononi mwa msichana, ikidondokewa na mvua. Hakufundishwa la kufanya.

"Oleta, mpendwa," mchungaji aliinama, "katika ajali ya huzuni kama hii..."

Verlin aliliweka tarumbeta kwenye majani, akashuka taratibu kati ya viti. Watu walidhani anakwenda kumsaidia dada yake kupokea bendera. Alipofika alipiga goti kwenye tope, kando ya yule askari, magoti yakalia.

"Mchungaji, ngoja," alisema. "Haikuwa ajali."

Sauti ilitoka ndogo. Oleta alimtazama, akasubiri. Verlin aliinua kichwa ili waliosimama nyuma nao wasikie.

"Haikuwa ajali. Jarrett alijiua. Vita vilirudi naye nyumbani, na mimi nilijua vinarudi na mtu, kwa sababu vilirudi na mimi. Miaka kumi na moja nililala ndani ya bafu, Leta, mlango nimeufunga kwa ufunguo, halafu nikaja mezani kwako nikasema nilirudi mtu kamili. Ile sahihi sikuiomba kwa ajili yake. Nilitaka mmoja wetu aende, arudi mzima, ili na mimi niweze kuamini kwamba nilirudi."