Kilichosemwa na Nguru

Asubuhi, kwenye mnada wa samaki Tumbe, dalali Mabruki alimnyanyua nguru ili wanunuzi wamwone. Nguru akafungua kinywa na kusema, kwa sauti ya Asma wa Makangale: "Dada, posa hiyo msiipokee. Talib alimvunja mkono mkewe wa kwanza. Nakuomba, lisitoke kwako." Mabruki alingoja amalize, kisha akaendelea kunadi. Samaki anayesema hakosi mnunuzi, maana ni mbichi bila shaka.

Bi Khairiya alikuwa pale akitafuta kitoweo. Ujumbe ule aliupokea jana kwenye simu, kutoka kwa mdogo wake Asma. Talib alimposa binti wa Khairiya, na Asma ameolewa na kaka yake Talib. Mumewe angejua kwamba kasema, angemwacha.

Adhuhuri Asma alipiga simu. Habari za mnadani zilikwisha kumfikia mumewe; alikuwa njiani na godoro lake, keshaachwa.

"Umemwambia nani?"

"Wallahi sijamwambia mtu. Labda wewe huko."

"Mimi? N'jichongee mwenyewe?"

Kila mmoja akabaki akimshuku mwenzake, na hilo liliuma kuliko talaka.

Khairiya akaenda kwa Badar, aliyetengeneza programu ile ya kutumiana ujumbe. Badar aliigeuza simu ya Khairiya.

"Hichi kisimu cha zamani, Bi Khairiya. Hakiwezi ujumbe uliofungwa wasiusome wengine. Programu ikiona hivyo, huutuma wazi. Ukiwa wazi huanguka baharini, samaki wakaumeza."

"Mbona hapa pana picha ya kufuli?"

"Picha ipo kwa wote."

"Na kwa nini haikutwambia?"

"Ingekwambieni, mngetuma?"

"Tusingetuma."

"Basi Bi, programu gani hiyo isiyotuma?"

Alisema kwa adabu kabisa. Khairiya alitamani kumzaba kofi.

Asma aliyasikiliza maelezo hayo yote, akasema sawa. Lakini kwa dada yake, alikohamia, akawa analala na simu chini ya ubavu.

Khairiya aliikataa posa. Talib akapeleka nyingine Micheweni. Wazee wa huko walizipata habari za nguru, wakasema samaki si shahidi, wakapokea. Mama wa msichana hakutulia. Alifunga safari hadi Tumbe, akaketi mkekani mbele ya Asma.

"Mwanangu, n'ambie kweli. Talib mtu wa namna gani?"

Asma alimtazama, akamtazama na dada yake aliyekuwa mlangoni.

"Mimi simjui vizuri," akasema, akamkaribisha chai.