Kasha la Reino

Jumanne ya pili ya Machi, Verna Kangas aliifungua kompyuta ya marehemu mumewe Reino juu ya meza ya jikoni kwa bisibisi ya kukazia miwani, akaitoa diski yake, akaifunika kwa taulo la kukaushia vyombo isije ikapata baridi. Kompyuta yenyewe ilikufa wiki moja baada ya mwenyewe. Fundi wa mtaa wa pili alimwambia asihangaike nayo. Diski ni nzima, anunue tu kasha la nje, aitie humo, aichomeke kwa waya kwenye kompyuta nyingine, na kila alichoandika Reino atakiona. Kuhusu kukohoa kwa diski, fundi alisema za zamani ndivyo zilivyo. Kilikuwa kikohozi cha Reino hasa, mapigo mawili kisha mvuto mrefu wa pumzi, lakini fundi alikuwa mgeni mjini na hakuwahi kukutana naye.

Reino alisimama miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya kusagia mawe, katika mgodi wa chuma ulioulisha mji ule wa kaskazini mwa Minnesota. Kampuni ilisema vumbi liko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Reino hakubishana na mtu. Miaka kumi na mmoja ya mwisho alibeba kipimo chake mwenyewe cha vumbi ndani ya ndoo ya chakula, na kila Jumamosi, akitoka sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, nywele zingali na maji, aliketi kwenye kompyuta akaingiza namba. Alipokufa, daktari alisema mapafu yake yamekuwa kama saruji. Sasa mwanawe Darrell alikuwa amesimama kwenye mashine ileile, pahala palepale, na tangu Krismasi na yeye alikuwa akikohoa. Hilo ndilo lililomnyima Verna raha. Alitaka mwanawe azione zile namba kwa macho yake, aache kazi kabla mambo hayajaharibika.

Basi akaendesha gari mwendo wa saa nzima hadi mji wa Duluth kutafuta kasha. Kasha la kwanza alilichukua kwa sababu lilikuwa zuri, la buluu, dogo kama pakiti ya sigara. Kumbe ni la diski za kompyuta za kupakata. Ya Reino ilikuwa diski pana ya inchi tatu na nusu. Alijaribu kuisukuma ndani, akaiomba radhi, akaacha. La pili lilikuwa la plastiki, limezibwa pande zote. Humo diski iliingia, ikapata joto, ikakohoa mchana kutwa bila kupumzika, mpaka Verna akashindwa kula. Aliitoa, akaipepea kwa gazeti. Jeneza la Reino alilichagua kwa robo saa, tena huku akizungumza na mchungaji juu ya kahawa ya wageni. Hili kasha lilimpeleka Duluth mara tatu.

Mara ya tatu aliibeba diski yenyewe, imefungwa kwenye taulo. Muuzaji, kijana mwenye ndevu aitwaye Corwin, aliinama akatega sikio.

"Alikuwa mgodini huyu?"

"Miaka thelathini na mmoja."

"Basi chukua la alumini, lenye feni na umeme wake wenyewe," Corwin alisema. "Babu yangu tulimtia kwenye la plastiki, mama. Alipata taabu sana." Kisha akauliza anataka lenye nafasi moja au lenye nafasi mbili, maana la mbili siku hizi ndilo linalonunuliwa zaidi.

"Ninaye mmoja tu," Verna alijibu.

Alipolichomeka nyumbani kwenye kompyuta yake, feni ikaanza kuzunguka, kikohozi kikatulia, na kwenye kioo yakatokea maneno: Diski hii haijaandaliwa. Ungependa kuiandaa sasa? Watu wengi wamefiwa mara ya pili kwa swali hilo, maana anayejibu Ndiyo hufutiwa kila kilichomo. Lakini Verna alikuwa amepika kwenye maziko ya kanisa miaka arobaini, na kwake kuandaa kulikuwa na maana moja tu: sahani, uma, na watu wanakuja. Alijilaumu kwa kuchelewa kumwandalia mumewe, akanyoosha kidole kwenye Ndiyo. Ndani ya kasha Reino akakohoa kikohozi kimoja kikubwa, vijiko vikalia kwenye droo. Verna akarudisha kidole. Alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka upya, na safari hii namba zikafunguka zote, miaka kumi na mmoja, Jumamosi kwa Jumamosi. Hata moja haikuwa ndani ya kiwango.

Tangu siku hiyo, kila saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo Reino alikuwa akitoka kwenda zamu, feni ilitema kijiko kimoja cha vumbi la kijivu mezani. Verna alilifuta kwa kitambaa kibichi, kama wake wote wa pale, ambao hawalifagii vumbi la mgodi likiwa kavu. Kisha aliipigia simu ofisi ya mgodi. Akaja bwana mmoja mpole, akavua viatu mlangoni, akasikiliza kikohozi, akaweka kipimo chake mbele ya feni na kuandika kwamba vumbi liko ndani ya kiwango. Alimpa Verna pole kwa msiba, akamaliza kahawa yake, akaondoka.

Jumamosi akaja Darrell kuoga sauna kama kawaida. Verna alikuwa ameoka mikate ya nyama na viazi ambayo wanaume wa pale huenda nayo mgodini, kila mmoja na herufi ya jina la mwenyewe iliyochorwa kwa ncha ya kisu pembeni mwa unga, mtu asije akala wa mwenziwe. Alimkalisha mbele ya kompyuta, akasimama nyuma yake. Darrell alizipitia namba polepole hadi mwisho.

"Nazijua hizi, Mama," alisema.

"Unazijuaje?"

"Baba alikuwa akitusomea mgodini kila Jumatatu wakati wa chakula. Sote tunazijua."

Verna akavuta kiti. Alimwambia aache kazi kesho. Alimwambia mengi, mengine makali, mengine ya kumbembeleza kama alipokuwa mdogo na homa. Darrell alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akauliza aende wapi, maana mji mzima hauna mlango mwingine wa kazi, na watoto wake wanasoma hapahapa. Alipomaliza kusema akakohoa, mapigo mawili na mvuto mrefu. Kasha likamwitikia. Hakuna kati yao aliyegeuka kulitazama.

Jumatano Verna alikwenda Duluth mara ya nne. Corwin alimwona anaingia, akaliteremsha kasha la nafasi mbili kutoka rafu ya juu kabla hajaambiwa, akamfungia vizuri kwa karatasi.

Jumamosi iliyofuata lilikuwa mezani, la alumini, na milango miwili midogo kwa mbele. Kwenye mlango wa kushoto Verna alikuwa amechora R kwa ncha ya kisu. Nyuma yake Reino alikuwa ndani, feni inazunguka, ametulia. Darrell alitoka sauna, akala mkate wake, akaliangalia kasha kwa muda. Kisha akagusa kwa kidole ule mlango wa kulia, uliokuwa mtupu.

"Andika D, Mama," alisema. "Tusije tukachanganyana."

Alitabasamu kidogo, tabasamu la baba yake. Verna alikichukua kisu, akaichora D taratibu, akizingatia isipinde, kwa sababu Darrell tangu utotoni hakupenda herufi yake ipinde. Chozi likadondoka juu ya alumini, akalifuta kwa kitambaa kibichi pamoja na vumbi la asubuhi.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri Darrell alipita kuchukua chakula chake, akaenda zamu.