Baruti Moja Ingetosha

Verlin Skaar alijua jibu siku ileile alipoulizwa, na hakulitoa.

Aliyeuliza ni Idella Prewitt. Mumewe, Royce, alifariki mwezi wa Novemba akamwachia kondoo, bastola nzito aliyokuwa akiivaa kiunoni malishoni, na bunduki nyembamba ya kupigia mbweha. Akamwachia pia gereji yenye mashine ya kushindilia risasi. Huku kwetu Montana wengi hawanunui risasi za dukani. Unaokota maganda uliyokwisha fyatua, unayasafisha, unaweka fataki mpya ya kuwashia kwenye kitako, unapima baruti, unakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Royce alifanya kazi hiyo kila majira ya baridi, na Verlin alikaa pembeni juu ya ndoo iliyofunikwa, akibishana naye.

"Nataka nitengeneze mwenyewe," Idella alisema. "Za bastola na za bunduki. Lakini hizi baruti ni nyingi mno, Verlin. Nimesoma makopo mpaka macho yanauma. Ipi inanifaa?"

Baruti si kitu kimoja. Iko ya haraka, inayowaka mara moja ikaisha. Hiyo ni ya bastola ndogo, na ukiitia kwenye bunduki kwa kipimo cha bunduki, chuma kinapasuka usoni mwako. Iko ya polepole, vijiti vyeusi, ya bunduki kubwa za kulungu. Hiyo ukiitia kwenye bastola inatoka mdomoni haijamaliza kuungua, moto mwingi na nguvu hakuna. Halafu katikati ziko chache zinazokubali bastola nzito na zinakubali bunduki nyembamba pia. Wema wake mwingine ni kwamba zinajaza ganda. Mtu akipitiwa akamimina mara mbili, baruti inamwagika mezani na anaiona. Ile ya haraka hukaa kidogo tu chini ya ganda, hata ukimimina mara mbili huoni kitu, mpaka siku ya kufyatua. Kwa mtu anayejifunza, anayeishi peke yake, hakuna cha kufikiria.

Verlin alikuwa na kopo la hiyo ya kati nyumbani kwake. Angelileta, angesema hii hapa, moja kwa zote mbili, angemwekea kipimo, na kabla ya chakula cha mchana kazi ingekuwa imekwisha. Halafu angerudi kwake.

Kwake palikuwa trela mwisho wa barabara ya changarawe, jiko la kuni, redio, na kiti kimoja kizuri. Alikuwa fundi wa uzio. Anashinda kutwa nyikani akikaza waya, na upepo ndio anaozungumza nao. Mke aliondoka zamani, mtoto hawakupata. Rafiki aliyekuwa naye ni Royce, na Jumamosi zilikuwa za Royce.

"Itabidi tujaribu kadhaa," alimjibu Idella. "Zinatofautiana."

Basi akawa anaenda kila Jumamosi. Majira ya baridi yakaendelea, theluji ikapanda mpaka dirishani, na pikapu yake ikawa na njia yake uani kwa Idella. Alileta kopo hili, akaleta lile. Walishindilia risasi chache, wakatoka nyuma ya zizi, wakapiga ubao, wakasogea kutazama matundu, wakarudi ndani pua zikiwa nyekundu. Idella alioka nyama ya kusaga, akaweka na viazi na kahawa. Alikuwa ameendesha basi la shule maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa bado ya kufikia viti vya nyuma.

"Kula, mwanaume. Unakonda kama nguzo zako."

"Nguzo zangu hazikondi."

"Zinaegemea, lakini. Ile ya kwa Hatlestad nimeiona. Ilikuwa inataka kulala."

"Ile aliigonga na trekta, yule mlevi."

"Kila fundi ana mlevi wake," Idella alisema, akamwongeza viazi.

Kwenye meza ya kushindilia, lakini, Idella hakucheka. Alivaa miwani, akakunja uso, akaandika kwenye utepe wa karatasi na kuubandika, akaubandua, akaandika tena. Jumamosi hii ilikuwa baruti ya vipande bapa, kipimo hiki. Iliyofuata ilikuwa ya chembe duara, kipimo kingine, na ile ya bapa inabaki kwa bastola peke yake, tena si kwa vichwa vizito. Akishaanza kuzoea, Verlin analeta nyingine.

"Subiri," Idella alikuwa akisema. "Wiki iliyopita ulisema hii ni nzuri."

"Ni nzuri. Lakini kwenye baridi inabadilika kidogo."

"Kila kitu hapa kinabadilika kidogo. Royce alikuwa anajuaje yote haya? Royce alikuwa anasahau jina la dada yake!"

"Alikuwa na mazoea."

Mwaka huo baruti ilikuwa adimu, maduka yanauza kopo moja kwa mteja na mara nyingi hata hilo hamna. Kuna siku Verlin alikwenda mjini akamkuta Lonnie Hruska, mwenye duka la bunduki, anapangusa rafu tupu.

"Wewe tena," Lonnie alisema. "Unatafuta nini safari hii?"

"Chochote cha bastola."

"Chochote? Mtu mzima anakuja dukani kutafuta chochote? Verlin, nimekuuzia kopo moja la aina moja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sasa kila wiki unataka jipya. Umeingiwa na nini?"

"Ni za Idella Prewitt. Anajifunza."

"Ahaa." Lonnie akaegemea kaunta. "Sasa bwana, kama unamtaka yule mama mpelekee maua. Maua hayajaadimika."

"Funga mdomo, Lonnie."

"Ndiyo maana sina wateja, mdomo wangu haufungiki. Chukua hili hapa, limeletwa jana. La haraka sana hili, mwambie aangalie."

Lonnie hakuwa amepatia. Verlin hakumtaka Idella kwa namna hiyo. Alitaka mahali pa kwenda. Alitaka mtu wa kumwambia nguzo zinaegemea.

Sasa kuna sheria moja ambayo kila mshindiliaji anaijua, hata yule mjinga kabisa. Mezani linakaa kopo moja tu, la baruti unayoitumia saa hiyo. Mengine yote yanabaki kabatini. Sababu ni kwamba baruti unaimimina kwenye kipimio, chombo kama faneli kilichofungwa kwenye ukingo wa meza, na ukimaliza lazima inayobaki uirudishe koponi. Kopo likiwa moja, huwezi kukosea. Yakiwa mawili, siku moja utaimimina kwenye kopo silo, na ikishachanganyika hakuna mtu duniani wa kuitenganisha. Royce alikuwa mkali sana juu ya hilo. Lakini kwa kujaribu kwao huku na huku, makopo mezani kwa Idella yalifika matatu, na Verlin hakusema kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiyaweka.

Jumamosi moja ya Aprili, kondoo wakiwa wanazaa, aliondoka mapema kwa sababu ya tope. Asubuhi ya Jumapili simu ikalia.

"Nimetengeneza mwenyewe!" Idella alisema. "Jana ulipoondoka. Za bunduki, boksi zima. Sikukupigia kuuliza hata kimoja. Unanipongeza au hunipongezi?"

"Vizuri sana," Verlin alisema. "Umetumia ipi?"

"Ile ya duara. Kwanza niliondoa ile iliyokuwa kwenye faneli, nikairudisha koponi, halafu nikaanza upya kama ulivyonionyesha."

Jana walikuwa wanashindilia za bastola. Iliyobaki kwenye faneli ilikuwa ya haraka, ile aliyoileta kutoka kwa Lonnie.

"Umeirudisha kopo gani?"

"Si hilohilo la mbele. Ngoja, hebu, yule mbweha mshenzi amerudi. Yuko karibu na zizi, namwona dirishani. Ngoja nimwonyeshe kazi yangu."

"Idella, usipige! Idella!"

Simu ilikuwa imekwishawekwa.

Hakutafuta koti. Pikapu iliruka kwenye changarawe, ikateleza kwenye tope la kona, ikagonga nguzo ya mtu na kuendelea. Njia nzima alikuwa anasikiliza dirisha likiwa wazi. Alijua mlio wa bunduki ile. Hakujua itatoa mlio gani ikipasuka.

Alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, bunduki magotini, risasi imo ndani tayari.

"Amekimbia," Idella alisema. "Nilikuwa nimemlenga, akaniangalia, akaenda zake. Mbona umekuja bila koti?"

"Itoe risasi. Taratibu. Itoe uniwekee mkononi."

Idella alimtazama usoni, akaitoa.

Waliingia gereji. Verlin alichukua nyundo ya kubomolea, ile ya plastiki yenye tundu, akaitia risasi ndani, akaipiga mezani mpaka kichwa kikachomoka na baruti ikamwagika. Akaimwaga kwenye karatasi nyeupe, akaisogeza kwa kidole chini ya taa. Katikati ya chembe za duara vilikaa vipande bapa vya kijivu, vingi, kama pumba kwenye ngano. Alibomoa ya pili. Ilikuwa vilevile, na zaidi.

"Nilirudisha kwenye kopo silo," Idella alisema.

"Ndiyo."

"Ingenifanya nini?"

"Ingepasua hapa." Aligusa bunduki mahali shavu linapolala.

Idella alivuta ndoo akaikalia. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena ilhali imekwisha takata. Verlin aliendelea kubomoa, moja baada ya nyingine, pa, pa, pa, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na mdomo haukuwa nayo.

"Nikuulize," Idella alisema. "Kama wewe ungekuwa ndiye mimi. Una bastola hii na bunduki hii, uko peke yako, hujui mambo. Ungetumia baruti ngapi?"

Nyundo ilisimama.

"Moja."

"Ipi?"

Alinyoosha kidole kwenye kopo la tatu, lile la baruti ya kati ambalo halikuchanganyika, kopo lake mwenyewe, lile alilolileta wiki ya pili na halafu akasema lina matatizo kwenye baridi.

"Moja kwa zote mbili?"

"Kwa zote mbili. Na inajaza ganda, ukikosea unaona."

"Tangu lini unajua hivyo?"

Verlin alikuwa na majibu kadhaa tayari, ya baridi, ya uzito wa vichwa, na yote yalikuwa ya kumpa mtu ambaye bado anamwamini.

"Hizi nyingine zilikuwa za nini, Verlin?"

"Za Jumamosi," alisema.

Idella alitazama makopo, kisha akatazama dirisha. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya basi.

"Nilidhani mimi ndiye mjinga," alisema. "Kila wiki nilikuwa nalala nikiwaza, Idella, umezeeka, kitu alichokuwa anafanya Royce huku anasinzia wewe huwezi. Nilikuwa karibu kuuza kondoo. Nilimwambia dada yangu mwezi uliopita, njoo unichukue, akili haishiki tena."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ungesema tu, Verlin. Ungesema, nataka kuja kula. Mlango huu nimekufungia lini?"

Hilo halikumwingia akilini hata mara moja majira yote ya baridi. Mwanaume wa huku kwetu anakwenda kwa jirani kwa sababu kuna kitu kimeharibika. Kikiisha kutengenezeka, anavaa kofia. Kukaa tu, bila kazi mkononi, hakuna aliyemfundisha, na Royce vilevile hakumfundisha. Walikuwa na mashine mbele yao wakati wote.

"Nionyeshe hiyo moja," Idella alisema. "Leo."

Ile iliyochanganyika waliitawanya kwenye bustani ya maua, ambako haina madhara. Makopo mawili Verlin aliyapeleka kwenye pikapu. Meza ikabaki na kopo moja, na Idella akakaa mbele yake. Verlin alimwekea kipimo cha bunduki, akamwekea na cha bastola, akamwonyesha jinsi ganda linavyojaa. Alimwambia amimine mara mbili makusudi. Baruti ilifurika ikamwagika, Idella akasema, "Haa, ndiyo hivi tu?" Baada ya hapo hakuuliza tena. Alifanya safu nzima bila kuinua kichwa, akapima kila ya tano kwenye mizani kama Royce alivyokuwa akifanya, na Verlin alisimama nyuma yake mikono mfukoni.

"Uko sawa," alisema mwishowe.

"Najua niko sawa."

Hakumkaribisha chakula, hakumfukuza. Verlin alingoja kidogo karibu na mlango. Aliona kofia yake, akaivaa.

"Basi, Idella."

"Basi, Verlin. Nenda polepole, umevunja taa ya gari."

Jumamosi iliyofuata aliamka, akanyoa ndevu, kisha akakumbuka kazi ya kwa Idella imekwisha. Alikunywa kahawa akiwa amesimama. Maneno ya Idella yalikuwa wazi, mlango haukufungwa, mtu angeweza kwenda tu akasema nimekuja kula. Aliyajaribu hayo maneno kwa sauti ndani ya trela, yakasikika kama ya mtu mwingine, mtu wa mjini. Alichukua koleo na waya akaenda kwa Hatlestad, kwenye uzio wa kilimani, ambao ungeweza kusubiri hadi Jumatatu.

Karibu na adhuhuri, kutoka upande wa pili wa kilima, risasi zilisikika. Kwanza ile nzito ya bastola, mara kadhaa. Kimya kidogo, mtu anabadilisha. Halafu ile nyembamba ya bunduki, kali na safi, kila moja sawa na iliyotangulia. Verlin aliacha kukaza waya akasikiliza. Hakukuwa na dhaifu hata moja, hakukuwa na ya kupita kiasi. Mtu mwenye risasi za namna ile hahitaji kuuliza kitu.

Zilipokwisha alingoja, kama kuna nyingine. Upepo ukarudi. Akashika koleo, akakaza.