Siku Seth Alipokinga Mikono

Miaka ile mji ulikuwa bado unanuka saruji mbichi. Tajiri Behramji, ambaye wote walimwita Seth kwa heshima, alikuwa amejenga kiwanda cha chuma, kisha shule, hospitali, na bustani yenye ziwa la kuchimbwa ambamo wakubwa wa kiwanda walipiga makasia Jumapili. Watu walimwombea dua. Ila mto, ambako wanawake waliotoka jimbo la Bihar walikuwa wakifanyia Chhath, ibada yao ya jua, ulikuwa umegeuka mweusi kwa taka za matanuri yake.

Na Dulari alikuwa na nadhiri. Mumewe Ramdhani aliungua kwa chuma cha moto, akalazwa katika hospitali hiyo hiyo ya Seth. Dulari akamwahidi Mungu Jua kwamba atafunga bila hata tone la maji, asimame majini kumtolea sadaka akizama, na tena akichomoza. Machweo bila mapambazuko, nadhiri imeharibika.

"Twende ziwani kwa Seth," akamwambia wifi yake Sonmati.

"Wifi, njaa imekupanda kichwani! Mlinzi atatuswaga kama mbuzi."

Wakaenda, wanawake wa mtaa mzima, nyungo za miwa na maandazi ya sukari guru vichwani. Mlinzi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wao walikwisha kuingia majini hadi kiunoni, wamelielekea jua, kimya.

Mwezi huo wafanyakazi walikuwa wamegoma. Seth alipoitwa, akaona kundi limesimama ndani ya maji halisemi neno, akadhani ni mgomo mwingine.

"Jamani akina mama, tokeni, mtaugua! Mnataka nini? Bomba la maji kila nyumba? Nitawawekea!"

Sonmati akanong'ona, "Wifi, itikia upesi kabla hajazinduka!"

Dulari akangoja mpaka jua likazama lote, ndipo akageuka. "Bomba tutashukuru, Seth. Lakini hatujagoma, tunaabudu. Tunachoomba ni lango liwe wazi alfajiri."

Seth akamtazama yeye, akamtazama mlinzi. "Lisifungwe."

Alfajiri alikuja mwenyewe, akavua viatu, akasimama nyuma akitetemeka kwa baridi. Jua lilipotoka na nyungo zikainuliwa, Dulari alihisi kifua kimemfunguka. Sadaka ikaanza kugawiwa. Seth akatia mkono mfukoni, Dulari akamzuia.

"Hainunuliwi, Seth. Hii huombwa. Hata mfalme huomba."

Mlinzi akainamisha uso. Mtu yule alikuwa mtoaji maisha yake yote. Kuomba labda alikuwa hajawahi. Akakinga viganja viwili, polepole. "Nipe, mama."

Dulari akampa andazi moja na kipande cha muwa, sawa na wengine.

Siku hizi ziwa lina ngazi za marumaru na vipaza sauti, na wajukuu wa Dulari hudhani lilichimbwa kwa ajili ya Chhath. Yeye huwaacha wadhani. Anachokikumbuka ni vile alivyotoka pale asubuhi ile na nguo mbichi, sadaka mkononi, moja kwa moja hadi hospitali. Ramdhani, ambaye Mungu alimjalia kuishi miaka mingi baadaye, alikuwa amefungwa bendeji hadi shingoni. Akasikiliza habari yote.

"Yaani mimi niungue, halafu Seth atangulie kula?"

"Aliomba."

Ramdhani akautoa mkono wake ambao haukuungua chini ya shuka, akaukinga. "Basi nami naomba."