Mikono ya Matilda

Yonathani alipopunguzwa kazi ya ubwana mifugo, ofisi ilimwachia pikipiki yake ya zamani, iliyokuwa imelala nyuma ya josho misimu mingi ya mvua. Aliifikisha nyumbani Njombe juu ya mkokoteni, akaitupa upenuni, akaingia ndani kulala. Watu wengi walipunguzwa kipindi kile. Wengine walirudi mashambani, wengine wakakimbilia Makambako kuuza mitumba. Yonathani alihamia kilabuni kunywa ulanzi, pombe ya mianzi.

Mkewe, Matilda, aliipita pikipiki ile kila alipokwenda kuteka maji. Cheni ilikuwa imegandana ikawa kama fimbo. Spoku zilikuwa nyekundu, na ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga. Siku moja, akisubiri maharage yaive, alichukua gunzi na majivu akaanza kusugua duara la taa. Palipong'aa kidogo, akaendelea. Hakuna aliyemtuma.

Mwanzoni aliharibu. Alisugua kwa mchanga mpaka akakwaruza chuma kizima. Ndipo alipofunga vipande kwenye kikapu, akapanda lori hadi Makambako kwa Dulla, fundi mwenye kibanda karibu na maegesho ya malori. Dulla hakumcheka. Alimwonyesha vipi vya kuosha kwa mafuta ya taa peke yake na vipi vinastahimili brashi ya waya, akamwonya asithubutu kuingiza maji kwenye kabureta. Kuhusu kutu sugu alisema dawa yake ni tindikali, lakini ni ya hatari na haipatikani.

Matilda alijitafutia dawa yake. Jirani yake Telesia aliuza ulanzi, na ule uliochacha kupita kiasi aliumwaga. Matilda aliuomba, akaloweka humo cheni, nati na spoku. Baada ya siku kadhaa kutu ilitoka kama tope. Alisuuza kila kipande, akakikausha kando ya moto, akakipaka oili upesi kabla hakijaanza kuwa chekundu tena.

Ilikuwa miezi ya baridi. Mafuta ya taa yalimchubua, vidole vikapasuka, na weusi ukaingia kwenye nyufa ukakaa humo. Yonathani akirudi kutoka kilabuni alimkuta ameinama upenuni, akampita. Mara moja tu alisimama, akamwambia kwamba anamwaibisha, majirani watasema ameoa fundi. Matilda alikuwa ameshika pistoni, hakutaka imponyoke.

Dulla alikuja mwenyewe kuiunganisha. Injini ilipowaka, Yonathani alitoka ndani na shuka begani. Aliizunguka, akagusa tangi, kisha akapanda akaenda nayo hadi barabarani. Alirudi akicheka, na Matilda, ambaye hakuwa amemwona akicheka tangu apunguzwe, akacheka pamoja naye.

Basi mambo yakabadilika. Yonathani aliacha pombe, akanyoa ndevu. Dawa za mifugo sasa ziliuzwa na watu binafsi, naye akawa anazichukua Makambako na kuzipeleka vijijini. Watu wakaanza kumwita daktari. Matilda alifurahi, na hakuona sababu ya kutofurahi, mpaka ilipokuja harusi ya mtoto wa shemeji yake kule Kidugala. Alikuwa ameshavaa kitenge kipya, amesimama kando ya pikipiki, mumewe alipomtazama mikono.

"Mikono hiyo, Mama Anold," alisema. "Utawasalimia nayo wachungaji?"

Akawasha pikipiki, akaenda peke yake.

Telesia alikuwa amekwenda kwa lori la wanakwaya. Aliporudi alimweleza Matilda yote. Wazee walimwuliza Yonathani alivyojikwamua, naye akasimama mbele ya watu akasimulia jinsi alivyokaa upenuni akisugua nati moja moja, na jinsi ulanzi uliomharibu alivyougeuza kuwa dawa ya kutu. Watu walipiga makofi.

"Nilidhani atakutaja mwishoni," Telesia alisema. "Nikasubiri."

Asubuhi Matilda alimwuliza mumewe. Yonathani hakukana.

"Ulitaka niwaambie nini?"

"Kwamba nilisafisha mimi."

"Mwanamume amefukuzwa kazi, halafu asimame aseme mkewe ndiye aliyemnyanyua. Ungependa kuyasikia hayo?"

"Ningependa sana."

Yonathani alisema mkewe haelewi mambo ya watu. Akatoka, akafuta kiti cha pikipiki kwa leso, akaondoka.

Wiki iliyofuata Matilda alikwenda Makambako kumwomba Dulla kazi. Dulla alimkaribisha vizuri, akaagiza chai. Kisha akamwonyesha duka la spea ng'ambo ya barabara, maboksi kutoka Dubai yamepangwa hadi kwenye dari. Alimweleza kuwa siku hizi mtu akiona kutu anatupa, ananunua kipya.

"Mama Anold, mikono yako ni ya fundi," alisema. "Lakini kazi yenyewe imekufa. Hata mimi nafungua maboksi tu."

Alimpa kopo la mafuta ya mgando ajipake. Matilda alilipokea, akakaa nalo mapajani mpaka lori la Njombe lilipojaa.

Alipofika nyumbani Yonathani alikuwa ametangulia. Matilda alipasha mboga, akasonga ugali, akaandaa meza. Yonathani alinyoosha mikono juu ya beseni, akangoja kunawishwa kama kila siku. Ilikuwa misafi, kucha zimekatwa. Matilda aliweka jagi mezani mbele yake, akaketi, akamega tonge.

Yonathani alingoja. Mwishowe akalichukua jagi, akajimiminia mkono mmoja, kisha wa pili. Maji yakamwagikia kitambaa cha meza, yakatambaa hadi ukingoni. Hakuna aliyeyafuta.