Jina Alilolikataa Taisto

Kitoto cha mbwa kilikuwa na siku ya tatu nyumbani na bado hakina jina. Tuovi alikuwa amefungua kalenda ya majina mezani, akisoma moja moja, huku mumewe Taisto, Mfini wa maneno machache, akijibu kwa miguno.

"Basi tumwite Hilla," akasema Tuovi. Manyoya ya mbwa yalikuwa na rangi ileile ya dhahabu ya hilla, matunda-mwitu yaivayo kinamasini.

Taisto akatua kikombe, kahawa ikamwagika. "Hilo hapana."

"Lina nini?"

"Nimesema hapana, mama. Mwite hata Jiwe."

Akatoka kwenda kupasua kuni, na banda lilishajaa kuni mpaka juu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtu hachukii jina bure. Kuna mwenye jina. Tuovi akaanza kukumbuka. Kila mwisho wa Julai Taisto alichuma hilla, na kila mwaka kikombe kimoja hakikufika jikoni. Alikitia kwenye kikapu cha baiskeli, akapotea saa nzima, akarudi macho mekundu akisingizia mbu. Mbu gani hao, wanaouma macho ya mtu mmoja mwaka nenda mwaka rudi? Naye, mjinga wa watu, akimpaka dawa! Wivu ukamkaba, bibi wa miaka sitini na sita.

Akamfuata bandani, mbwa kwapani.

"Mzee, Hilla ni nani? Usinizungushe. Huyo mwanamke anakaa wapi?"

Taisto akashusha shoka. Akalikita kwenye gogo.

"Tulipatana," akasema. "Mtoto akiwa wa kiume utamchagulia jina wewe, wa kike mimi. Nikachagua. Nilikuwa nangoja ubatizo."

Tuovi akakaa juu ya magogo. Kwao jina la mtoto halitajwi kabla ya ubatizo, na Taisto, kwa kushika mila kupita kiasi, alimficha hata yeye. Siku mbili kabla mchungaji hajaja, mtoto alilala asiamke. Kwenye kaburi waliandika "Binti", basi. Tangu hapo yeye aliogopa kuuliza, na mumewe aliogopa kusema.

"Miaka thelathini na minane, Taisto! Na matunda ukampelekea kaburini peke yako?"

"Niliona nitakuumiza."

"Umeniumiza! Mwanangu nilimlilia bila jina, na jina unalo wewe mfukoni!"

Alilia kwa hasira kwanza, kisha kwa uchungu. Taisto akakaa karibu naye, asijue pa kuweka mikono, mwisho akaiweka juu ya mbwa.

"Hilla," akasema Tuovi, akilijaribu. "Hilla wetu."

Mbwa wakamwita Musti, kama mbwa wa jirani na wa jirani yake. Jumatatu wakaenda wote wawili kwa mchonga mawe ya makaburi, naye akawauliza kuna herufi ngapi za kuongeza.

"Tano," akajibu Tuovi, kabla mumewe hajafungua mdomo.